Bakuli la Bibi Eufemia

Ulipita pale. Usikatae. Jumamosi asubuhi ulipita na bodaboda kando ya makaburi ya zamani ya Nachingwea, ukaona misalaba imeng'olewa, ukageuzia uso sokoni.

Teodosia hakugeuka. Mwalimu huyu mstaafu alifika saa moja na robo kufagia kaburi la baba yake, Ildefonsi, dereva wa treni enzi zile reli ilipofika hapa, kabla nayo haijang'olewa. Msalaba wake, uliochomelewa kwa vipande vya reli, haukuwepo. Wala mingine thelathini na minane. Na Jumatatu trekta linakuja kusawazisha uwanja wa soko jipya. Kibali kinasema makaburi yenye alama yatahamishwa kwa heshima. Yasiyo na alama ni uwanja mtupu.

Saa tatu polisi walishamtia pingu Mbaruku, mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliyemtaja ni Eustakio, mwenyekiti wa mtaa. "Chuma kikipotea, utamuuliza nani mwingine?"

"Mwalimu, mimi nina baiskeli tu," Mbaruku alilia. "Msalaba wa mzee wako waliubeba wanaume wanne. Mimi ni winchi, niunyanyue peke yangu?"

Teodosia akarudi makaburini. Huku kwetu vyombo vya marehemu hutobolewa, vikaachwa juu ya kaburi. Anayevibeba nyumbani amebeba msiba. Sufuria na mabakuli yalikuwa yameondolewa, yakapangwa kando ya ukuta wa makaburi kwa adabu. Mwizi wa chuma aache sufuria za alumini? Huyu ni mtu wa hapa hapa, anayeogopa wafu, tena mwenye gari.

Bakuli moja tu halikuguswa, safu ya tatu. Msalaba hakuna, ila Teodosia alikumbuka: pale kalala Bibi Eufemia, mkunga aliyezalisha nusu ya mji huu.

Saa tisa alisimama na askari mlangoni kwa Eustakio, pikapu yake ikiwa na udongo mwekundu nyuma.

"Mwenyekiti, vyombo vya wafu wa watu umevishika. Cha Eufemia mbona ulikiacha?"

"Eufemia yupi?"

"Leo unamkana bibi yako? Haya, twende ukalichukue lile bakuli, ulipange na wenzake. Askari atashuhudia."

Eustakio alitazama mikono yake.

"Siwezi, mwalimu. Alinilea yule. Msalaba wake niliung'oa nimefumba macho. Kwenye bakuli mkono uligoma."

"Misalaba iko wapi?"

"Nkowe, shambani kwangu, chini ya mikorosho. Wenye mradi wa soko waliniahidi fremu mbili za duka, alama zikitoweka. Za mbele."

"Ukamsingizia mwenzio."



Mbaruku alifunguliwa jioni. Misalaba ikafukuliwa Nkowe, ikapelekwa kituo cha polisi, na huko imebaki: ni kidhibiti, haitoki mpaka kesi iishe. Kibali hakijafutwa. Teodosia amewaomba watu wa halmashauri, amepiga magoti, ameambiwa arudi Jumanne.

Jumanne!

Sasa amekaa juu ya kaburi la baba yake na kipande cha boksi kilichoandikwa ILDEFONSI. Amebakiza makaburi thelathini na manane, na mikono miwili. Wewe uliyezalishwa na Eufemia, chukua jiwe, chukua mti, andika jina unalolikumbuka. Trekta ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Fika saa moja.