Mama Asimame Jumapili

"Asimame tu! Hatua mbili tatu, watu wapige vigelegele, yameisha!"

"Mama yangu anatembea kila asubuhi. Umlete na kiti cha magurudumu ili umdanganye nani?"

"Simdanganyi mtu. Namrudishia Mungu utukufu."

"Kwani Mungu kakutuma?"

Kinanda akazima spika. Jina hilo alipewa na wanakwaya kwa jinsi vidole vyake vilivyocheza kwenye kinanda. Ukumbi wa kanisa ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimeshapangwa kwa ibada ya kesho. Mchumba wake, fundi cherehani, alikuwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Mama yake alipompigia kumweleza huo mpango, binti aliacha gauni la watu chini ya sindano akaja mbio.

"Asubuhi magoti yanakubali, mchana yanagoma," akasema. "Unajua vizuri. Si wewe uliyekuwa unayakanda?"

"Hayo ya zamani, mpenzi."

"Ya zamani ndiyo yaliyonileta kwako! Ulikuwa unakuja na kandambili zimefungwa waya. Unachemsha maji, unamkanda mama huku unamwimbia taratibu, hata jirani hasikii. Anasinzia, wewe bado unaimba. Mimi niko mlangoni najifanya nasugua sufuria. Nikajisemea, kumbe Mkristo ndiye huyu. Hukuwa na maikrofoni wewe."

Kinanda akacheka, bila kupenda. "Sufuria uliisugua mpaka ikataka kutoboka."

"Si kwa ajili yako!"

"Kwa ajili ya nani? Ya paka?"

Wakacheka wote. Kwa kitambo kidogo binti alimwona tena yule wa kandambili, macho yale yale. Moyo ukamlegea.

"Achana na huo muujiza," akamwambia kwa upole. "Tuoane tu."

"Nikuoe nikiwa mpiga kinanda? Ushuhuda mmoja mzito, napewa mimbari!"

"Mimi nilimkubali mpiga kinanda."

Simu ya Kinanda ikalia. Ujumbe wa mchungaji. Wakausoma pamoja, vichwa vikigusana:

"Kijana wangu, kabla sijatangaza. Ni kweli mama hatembei kabisa? Niambie ukweli."

Mwambie, binti akaomba moyoni. Mwambie tu, nami nitasahau yote haya.

Vidole vikaandika haraka:

"Kweli kabisa baba. Hata hatua moja."

Akatuma.

Binti akavua pete, akaiweka juu ya kinanda.

"We! Jumamosi ijayo ndiyo harusi! Kadi zimeshafika kwa watu!"

"Wenye kadi nitawaambia mwenyewe."

"Utaniaibisha kwa ajili ya neno moja?"

"Ulimkanda mama yangu hakuna umati unaokuona. Yule ningemfuata popote. Wewe sikujui."

Akashika njia ya mlango wa nyuma.

"Geti liko huku! Unakwenda wapi?"

"Ofisini kwa mchungaji. Kauliza, anastahili kujibiwa."

"Mpenzi, ngoja kwanza. Ngoja tuongee!"

Alimtazama mara moja, akageuka, akaenda.