Kifaa Bado Kinatumika

Rahel alifunga kila kitu kwenye kompyuta, akabofya pa kuondolea flashi, na kwa mara ya nne akajibiwa vilevile: kifaa bado kinatumika.

"Kinatumika na nani?" alinong'ona. Ilikuwa saa nane mchana, na ofisini kwake, chuoni Mazimbu, alikuwa peke yake.

Kwenye flashi ile kulikuwa na sauti ya Bibi Chausiku, mganga wa Matombo, akiimba wimbo wa jini wake. Rahel, mhadhiri, alimrekodi wiki moja kabla hajafariki. Nakala nyingine hakuwa nayo. Kila alipojaribu kunakili, kompyuta iligoma.

Taa ya flashi ilizidi kupepesa. Chumba kikaanza kunuka ubani.

Akamwita Mikidadi, fundi wa idara.

"Zima mashine kabisa, ndipo uchomoe," alisema Mikidadi, akaizima mwenyewe.

Kioo kikawa cheusi. Taa haikuzimika. Wimbo ukasikika, chini chini.

Rahel akampigia Hafidha, binti wa marehemu, akamweleza.

"Dada, msiiguse!" Hafidha alisema kwa sauti ya chini. "Jini anasikiliza wimbo wake. Mwacheni amalize, atatoka mwenyewe. Nakuja."

Wakangoja, na ubani ukazidi mpaka macho yakawawasha, na nyuma ya wimbo ikaanza kusikika pumzi, nzito, ya mtu aliyekaa karibu mno, ikasogea kutoka mezani mpaka kisogoni kwa Mikidadi, naye akashindwa kuvumilia, akaikamata flashi na kuichomoa.

"Mikidadi!"

Wimbo ukakatika. Rahel aliichomeka kwenye mashine nyingine. Tupu. Hapakuwa na faili hata moja.

Nyuma yake Mikidadi akaanza kuimba. Mtu wa Kigoma, asiyejua hata salamu ya Kiluguru, aliimba Kiluguru kwa sauti ya kikongwe. Alifika mahali, sauti ikakatika katikati ya neno, akaanza upya.

Jioni Hafidha alifika kwa bodaboda. Akachoma ubani, akaimba naye, akamshika mabega. Kila mara sauti ya Mikidadi ilikatika palepale.

"Mmalizie wewe," Rahel alimsihi. "Ukiisha si atatoka?"

"Atatoka." Machozi yalimtoka Hafidha. "Beti mbili za mwisho mama hakunifundisha, dada. Zilikuwa humo kwenye flashi tu."

Mikidadi akavuta pumzi, akaanza tena.