Kezia na Kisu cha Kupara Samaki

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya mchana, Kezia alimsaidia mama yake, Agata, kupara samaki kwenye ufuko wa ziwa, Rumonge. Mteja akishanunua sangala wake, Kezia alimshika samaki mkia, akapitisha kisu kuelekea kichwani, na magamba yakamrukia mpaka kwenye nywele. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa watu wazima.

Basi muhula wa mwisho wa mwaka madoa yakamtokea kwenye viwiko. Yalikuwa ya zambarau iliyokolea, na juu yake maganda meupe yanayong'aa. Moyo ulimlipuka! Akajiambia kuwa ni magamba ya sangala, yamemwingia mwilini na kuota. Hakumwuliza mtu. Alivaa sweta ya mikono mirefu, na joto la Rumonge si la mchezo, akawa anatokota humo ndani kama muhogo chunguni.

Tena akawa anajifungia bafuni na kisu cha kazi. Alijipara kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, vilevile anavyompara samaki. Maganda yakaanguka, akafurahi. Baada ya wiki mbili, pale pale kisu kilipopita, pakaota mengine. Akapara tena. Yakazidi, na moja likatokea shingoni, mahali ambapo sweta haifiki.

"Jamani, Kezia anageuka samaki!" Bahizire alipiga kelele darasani. Riziki, rafiki yake wa chanda na pete, akabeba madaftari yake akahama benchi. Kesho yake wazazi wawili walikuja juu, na direkta Josias, mkuu wa shule, akamwita Kezia ofisini.

"Usirudi hapa bila karatasi ya daktari inayosema huambukizi," alimwambia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa baada ya wiki tatu. Asipoufanya, angerudia darasa.

Ikawa shuleni haendi, na ufukweni haendi, kwa kuwa wateja walianza kumkwepa mama yake. Alibaki chumbani, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Kwa siku nne aliwasikia wenzake wakipita njiani wakicheka. Alitamani aivue ngozi yake aiache mlangoni. Maskini, angekimbilia wapi naye anatembea na mwili huo huo!

Siku ya tano Agata alimshika mkono wakaenda hospitali. Dokta Generoza, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliwapokea kwa salamu.

"Amahoro, mwanangu. Unajikuna? Unajisugua na kitu chochote?"

"Hapana, dokta." Kezia aliogopa. Akisema kweli, ataambiwa amejitakia mwenyewe, na karatasi ataikosa.

Dokta alimkunjia mkono wa sweta taratibu, akatazama mkono. Madoa matatu yalikuwa yamelala kwa mistari iliyonyooka.

"Ugonjwa hauna rula," alisema. "Nani amechora mistari hii?"

Kezia alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Machozi yakamtoka.

"Ni mimi, dokta. Kwa kisu. Nilikuwa ninajipara, nitoe magamba."

"Mungu wangu!" Agata alishika kinywa. "Kisu kile cha samaki?"

"Mwache, Mama Kezia, amesema," dokta alimtuliza. "Sikia, mwanangu. Huu ugonjwa unaitwa soriasisi. Haukutoka kwa samaki wala kwa uchafu, na hauambukizi. Mwilini mna askari wanaopigana na vijidudu. Kwako wewe wamekosea, wanapigana ilhali hakuna adui. Ndiyo maana ngozi inavimba na kubadilika rangi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa mwezi mmoja hivi. Yako imeharakishwa, inajibadilisha kwa siku chache, basi inarundikana na kuwa maganda. Na kila unapojichubua, unawaita askari wale waje hapo pia."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeyaongeza?"

"Ulikuwa hujui. Hayaishi kabisa, lakini yanatulizwa. Nitakupa dawa ya kupaka, na ngozi uipake mafuta isikauke. Ungeshikilia uongo ule, ningekupa dawa nawe ungekwenda kuiharibu kwa kisu." Kisha akaandika karatasi na kuigonga muhuri.

"Murakoze cane, dokta," alishukuru Agata.

Mchana huo huo Agata alimweleza direkta Josias yote, naye akaisoma karatasi mbele ya darasa zima, Kezia akiwa amekaa kwenye benchi lake. Akaikunja, akawageukia wanafunzi.

"Mimi ndiye niliyekosa," alisema. "Niliogopa kabla ya kuuliza. Kezia naye alificha, akajiumiza, kwa sababu anajua sisi tunavyomcheka mgonjwa. Kuanzia leo mwenye kuumwa aseme, na sisi tumwulize anayejua, tusimkimbie mwenzetu."

Riziki alikuwa ameinamisha kichwa. Akainuka na madaftari yake, akarudi kwenye benchi la Kezia.

"Nisamehe," alisema. "Sogea basi, tuna hesabu nyingi hukuzisoma."