Sweta Lililobaki Ifakara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eufrasia alifunga madumu kwenye keria ya baiskeli ya baba yake, akaenda bombani kuchota maji. Akirudi alioga, akanywa uji, kisha akaipanda tena baiskeli hiyo hiyo kumpeleka mdogo wake chekechea. Ifakara ni mji wa tambarare, na watu wake wengi huenda kwa baiskeli sokoni, kanisani, shambani na hata hospitalini. Eufrasia alikuwa darasa la sita, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, na hakuna msichana mtaani kwao aliyemzidi kuendesha.

Mwaka huo wa 1998, mvua za Elnino zilikuwa zimeharibu sana barabara ya kupanda Mahenge. Magari yalikuwa ya kubahatisha. Shule zilipofungwa, shangazi yake Natalia, ambaye alikuwa nesi, alipata likizo akataka kwenda Mahenge kumwona mama yake, bibi yake Eufrasia, aliyekuwa ametoka tu kufanyiwa upasuaji wa jicho.

"Nitakwenda kwa baiskeli," shangazi alimwambia kaka yake Octavian, baba yake Eufrasia. "Tukilala Lupiro, kesho yake tunafika. Nikubalie niende na Eufrasia. Bibi yake anamuulizia kila siku."

Baba alikubali. Shangazi alizoea safari za baiskeli, kwa kuwa kazi yake ilimpeleka vijijini kuchanja watoto. Jioni alikuja kumwelekeza Eufrasia namna ya kufungasha.

"Huku bondeni kuna joto, kule juu mwezi wa saba kuna baridi kali," alisema. "Chukua shati jepesi la mikono mirefu la kuendeshea, fulana kavu ya kubadilisha, na sweta. Hilo sweta ndilo muhimu kuliko vyote."

"Sawa, shangazi."

Lakini Eufrasia alikuwa na jambo lake. Dada yake aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa amemtumia koti la jinzi, zito, lenye vifungo vya shaba. Alitaka watoto wa baba yake mkubwa kule Mahenge wamwone amelivaa. Sweta lake, kwa upande mwingine, lilikuwa la kijivu na viwiko vyake vimeshonwa kwa uzi wa kijani. Alilikunja, akalitazama, akalirudisha kabatini. Koti nene namna hii, alijiambia, litatosha kwa baridi yoyote.

Asubuhi walivuka Mto Kilombero kwa pantoni pamoja na malori na wachuuzi wa samaki. Shangazi alikuwa amevaa shati jeupe la pamba, suruali aliyoibana chini kwa kipande cha mpira ili isiingie kwenye mnyororo, na kofia pana ya ukili. Alimtazama Eufrasia, akatabasamu kidogo.

"Hilo koti livue, ulifunge kwenye keria. Jua likipanda litakutesa."

"Sisikii joto, shangazi."

Shangazi hakubishana naye. Waliendelea. Barabara ilipita katikati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, pasipo kivuli. Jua lilipopanda, Eufrasia alihisi shati la ndani limemgandia mgongoni. Jasho lilimwingia machoni. Akakaza kukanyaga pedali, asionekane amechoka. Baadaye kichwa kikaanza kumgonga, na barabara mbele yake ikawa kama inayumba. Alisimamisha baiskeli, akainama pembeni, akatapika.

Shangazi aligeuza haraka. Alimshika mkono, akamkalisha chini ya mwembe mdogo uliokuwa kando ya banda la kulindia mpunga dhidi ya ndege, akamvua koti. Alilowesha khanga kwa maji ya chupa akamfuta uso, shingo na makwapa. Kisha akachanganya maji na sukari na chumvi kidogo alivyobeba kwenye mfuko.

"Kunywa taratibu. Usigugumie."

Walikaa pale mpaka Eufrasia akaweza kusema bila kuhema. Shangazi alimpa shati lake jingine la pamba, pana, la mikono mirefu.

"Kama kuna joto, kwa nini nisivae fulana isiyo na mikono?" Eufrasia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jua likiipiga ngozi moja kwa moja siku nzima, linaiunguza na kukukausha maji. Nguo nyepesi na pana inakukinga, na upepo unapita ndani yake unakausha jasho. Jinzi haipitishi upepo. Umelifungia joto lako lote ndani."

Eufrasia aliona aibu. Waliendelea polepole, wakipumzika kila palipokuwa na kivuli, na shati lile jepesi likipepea alihisi kama amepewa mwili mwingine. Jioni waliingia Lupiro, wakapokewa na nesi mwenzake shangazi.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, shangazi aliuliza, "Sweta umeliweka mahali pa karibu? Leo tutalihitaji."

Hapo ndipo Eufrasia alipotakiwa kusema kweli. Lakini alikumbuka alivyotapika jana mbele ya wapita njia kwa sababu ya koti. Hakutaka kuonekana mjinga kwa mara ya pili.

"Lipo, shangazi. Lipo chini kabisa ndani ya begi."

Walianza kupanda mlima. Sehemu nyingi walikokota baiskeli, wakikwepa makorongo yaliyochimbwa na mvua. Walitokwa jasho, na Eufrasia akafikiri maneno ya baridi yametiwa chumvi. Lakini walipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Upepo ulivuma kutoka upande wa milima, na manyunyu yakaanza kuanguka.

"Badilisha shati lenye jasho, vaa fulana kavu na sweta juu yake," shangazi alisema huku akitoa sweta lake mwenyewe. "Mbele tunateremka. Upepo wa mteremko ukilikuta jasho mwilini, utajuta."

Eufrasia alivaa fulana kavu, kisha akavaa koti la jinzi.

"Sweta je?"

"Nitavaa mbele. Koti linatosha."

Waliteremka. Manyunyu yaliingia kwenye lile koti kama maji kwenye sponji. Likawa zito na baridi, na upepo ukalibandika mgongoni. Vidole vya Eufrasia vilikufa ganzi mpaka breki zikawa ngumu kukamata. Meno yalianza kugongana. Mwishoni alisimama katikati ya barabara, akalia.

Shangazi alirudi, akaweka mkono wake shingoni kwa mtoto. "Umepoa sana. Toa sweta lako sasa hivi."

"Sina," Eufrasia alisema. "Nililiacha nyumbani. Nilikudanganya."

Shangazi alilivua sweta lake mwenyewe, akamvua Eufrasia koti lililolowa, akamvisha sweta likiwa bado na joto la mwili wake. Juu yake akamvalisha koti lake la mvua la plastiki. Yeye akabaki na shati, na khanga aliyojifunga mabegani.

"Shangazi, na wewe je?"

"Twende. Tukitembea nitapata joto."

Waliendelea wakikokota. Eufrasia alianza kupata nafuu. Lakini baada ya muda aliona shangazi yake anabaki nyuma. Alipomsubiri, aliona midomo yake imebadilika rangi. Shangazi alijikwaa kwenye korongo, baiskeli ikamwangukia mguuni, naye akawa anahangaika kuiinua kama mtu aliyelewa.

"Ngoja... nipumzike kidogo hapa," alisema, na maneno yakatoka yamekwama.

Eufrasia aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Shangazi Natalia hakuwa mtu wa kupumzika kwenye mvua. Aliangalia huku na huku. Kupitia ukungu aliona moshi ukitoka kwenye paa la nyasi, juu kidogo ya barabara. Aliziacha baiskeli zote mbili pale pale, akaupitisha mkono wa shangazi begani kwake.

"Usikae, shangazi. Inuka. Kuna nyumba."

"Baiskeli zetu..."

"Ziache. Twende."

Walipanda kijia kinachoteleza, Eufrasia akimshikilia kwa nguvu zake zote. Mlangoni mwa jiko alitokea mama mmoja mnene mwenye kitenge kichwani.

"Shikamoo, mama. Tunaomba moto. Shangazi yangu anakufa na baridi."

"Marahaba, mwanangu. Ingieni, ingieni."

Watu walimwita Mama Leodegar. Hakuuliza wametoka wapi. Alimvua shangazi nguo zilizolowa, akamfunika blanketi, akamkalisha karibu na mafiga, kisha akamwekea chai ya tangawizi. Eufrasia alimsugua mikono. Mwanzoni shangazi alitetemeka sana mpaka chai ikamwagika kutoka kikombeni. Halafu kutetemeka kukapungua. Halafu akauliza, kwa sauti yake ya siku zote, "Kuna sukari humu?"

Mama Leodegar akacheka. Eufrasia alijaribu kucheka, lakini machozi ndiyo yaliyotoka. Alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mpunga kichwani.

Mchana ukungu ulipanda, jua dhaifu likatokea. Mtoto wa Mama Leodegar alikuwa amezileta baiskeli uani. Nguo zilikuwa zimekauka kwa moto, na mwenyeji wao akamwazima Eufrasia sweta la mwanawe. Kabla ya kutoka, shangazi aliomba gazeti la zamani. Alilichana katikati, akakunja nusu na kuiweka kifuani ndani ya shati lake, chini ya sweta.

"Upepo wa mteremko unapiga kifua kwanza," alimweleza Eufrasia, akimpa nusu nyingine. "Karatasi inauzuia. Tukifika chini unaitoa tu."

Waliteremka wakiwa wakavu, magazeti yakiwakwaruza kifuani kila wakivuta pumzi, na jua lilipoanza kulegea waliingia kwa bibi. Bibi alikuwa amefungwa kitambaa jicho moja, lakini aliwatambua kwa lile jingine tangu wakiwa mbali. Aliwapa uji wa moto na kuwaambia wakae karibu naye.

Kabla usiku haujaingia, Eufrasia alimfuata shangazi aliyekuwa akianika khanga.

"Nisamehe, shangazi. Ungekufa kwa sababu yangu."

Shangazi alibana khanga kwenye kamba, kisha akakaa kwenye kibaraza na kumvuta karibu.

"Kukosea kuchagua nguo ni jambo la kujifunza. Hata mimi nilipoanza safari zangu niliwahi kuungua jua, na niliwahi kutetemeka. Mtu anayeendesha baiskeli avae nyepesi inayopitisha upepo kwenye joto. Kwenye baridi avae zaidi ya moja, ya ndani iwe kavu, na ya juu izuie upepo na mvua. Anayevaa ili atazamwe, mwili unaumia. Hayo umeyaona mwenyewe."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini kilichotuweka hatarini leo ni lile jibu lako la asubuhi. Ungeniambia Lupiro kwamba huna sweta, ningecheka, ningekugombeza kidogo, kisha tungeazima kwa yule mwenzangu. Nilipanga safari nzima nikiamini neno lako. Wakati mwingine ukiona aibu, niambie hivyo hivyo na aibu yako. Mimi nitajua la kufanya."

Eufrasia aliitikia kwa kichwa. Ndani, bibi alikuwa akiwaita, akiuliza ni nani kati yao angependa kulala upande wa ukutani, penye joto.

"Shangazi alale huko," Eufrasia alijibu, akainuka kwenda kumtandikia.