Mbuzi wa Ntheo na Ukungu wa Nunguni

Siku waliyokutana, Musyimi alimwaga ndengu za watu. Ilikuwa siku ya soko Nunguni, jua la Januari linawaka, naye anasukuma wilbaro ya kabeji macho yakiwa kwingine. Macho yenyewe yalikuwa kwa mwenye ndengu, Mwongeli, binti kutoka Zombe, bondeni kwenye joto, aliyepanda milimani mwaka uliotangulia kufungua duka la nafaka. Siku hiyo alivaa gauni jekundu na kilemba cha manjano. Wilbaro ikagonga beseni lake, likapinduka, wote wawili wakapiga magoti kuokota.

"Kwani unaangalianga wapi ukisukuma?" Mwongeli akauliza.

"Pale nataka kufika," akajibu.

Basi, penzi likashika. Kufikia Mei Musyimi alikuwa ameshachagua mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao mwanamume wa Kikamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana kuonyesha kuwa hana mchezo. Mbuzi wangeshuka Zombe mwezi wa Agosti.

Lakini Juni ikaleta ukungu, na jua likawa la kusimuliwa. Mwongeli akaanza kuchelewa kufungua duka, siku nyingine asifungue kabisa. Alilala sana na akaamka amechoka. Nyimbo za kwaya alizozipenda zikawa kelele tu. Musyimi akadhani ni baridi, akamletea sweta. Kisha akaleta blanketi, kisha soksi za sufu, mpaka mpenzi wake akafanana na gunia. Hakuna kilichosaidia, maana baridi hiyo haikuwa ya ngozi.

Julai Mwongeli akampigia simu.

"Musyimi, usipeleke mbuzi."

"Nimekosa wapi, mpenzi?"

"Hujakosa. Sisikii kitu kwa roho. Hata kwako."

"Ni mwanamume gani huyo amekuja?"

Mwongeli akakata simu, akalia. Aliamini moyo wake umekufa, na hakutaka kumpa mtu mwema moyo mfu. Musyimi naye akanuna, akapita mbali na duka lake.

Aliyeingia chumbani kwa Mwongeli bila kubisha ni Hasina, muuza vitambaa wa duka la pili, mzaliwa wa Mwingi.

"Mwaka jana Julai ulifunga duka hivi hivi, ukasema unarudi kwenu," akamwambia. "Septemba ukaanza kutuchekesha tena. Huoni kitu?"

Mwongeli akafikiri. Mwaka jana alikuwa hata hajakutana na Musyimi.

"Basi si yeye," akasema polepole.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Vaa viatu twende kliniki."

Kliniki, mshauri alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kuwa huo si uvivu wala upungufu wa imani, kama alivyoogopa. Kuna watu ambao mwanga ukipungua, nao huzama. Ni ugonjwa, na una tiba. Atoke nje kila asubuhi hata kukiwa na ukungu, atembee, asijifungie, na arudi kuonwa. Mwongeli akatoka pale mwepesi kidogo, akampigia Musyimi na kumweleza yote.

Musyimi akasema, "Na mimi nilikuwa nakufunika blanketi." Mwongeli akacheka kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Kesho yake alimkuta Musyimi akihamisha kabeji. Kibanda chake kilitazama mashariki na kupata mwanga wa kwanza; duka la Mwongeli lilijificha nyuma ya ghorofa, giza mchana kutwa.

"Tubadilishane," Musyimi akasema. "Kabeji haitaki jua, inanyauka. Wewe ndio unataka."

Wakawa wanatembea kila asubuhi kabla ya kufungua, wakitaniana njia nzima. Siku mbaya hazikuisha, ila sasa Mwongeli alizitaja badala ya kuzilalia.

Asubuhi moja ya Agosti, ukungu ukiwa mzito, alitokea na lile gauni jekundu chini ya sweta.

"Mbuzi wangu wako wapi?"

"Wako tu. Tungoje Oktoba, jua lirudi, uniambie ukiwa sawa. Mbuzi hawana haraka, wanakula tu."

"Nilikukataa nikiwa kwa hii baridi, Musyimi. Wacha nikukubali nikiwa kwa hii baridi. Halafu Julai ingine ikikuja niseme mambo mengine, unikumbushe."

Musyimi akasogea karibu. Akamshika mikono akaipasha joto ndani ya yake.

Jumamosi hiyo mbuzi watatu wakashuka Zombe nyuma ya pikapu, wamelalia lile blanketi.