Sauti ya Mama Isinyamazishwe

Kila jioni, baada ya sala, Mama huketi mbele ya kompyuta. Macho yake hayaoni tena. Kompyuta humsomea kwa sauti masomo ya elimu ya watu wazima, naye hujibu kwa kuandika. Baba, fundi cherehani, hushona pembeni.

Jioni moja Baba alifungulia nyimbo za ibada kwenye kompyuta hiyohiyo. Sauti ya masomo ikakatika ghafla.

"Nimebonyeza nini tena?" Mama aliuliza.

"Sijui, mke wangu. Labda umegusa pabaya."

Mama alikunja mikono. "Mtihani ni Jumamosi. Vidole vyangu vimezeeka. Nitamwambia mwalimu nimeacha."

"Uache? Baada ya kutusumbua mwaka mzima ili uandikishwe?"

Mama hakucheka.

Binti yao alikwenda kumwita jirani, fundi redio. Watu humwita Bi Waya, maana hakosi waya mfukoni. Yeye pia, kama familia hii, hutumia kompyuta yenye programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha.

"Hodi! Mgonjwa yuko wapi?"

"Karibu, shoga yangu. Mgonjwa ni mimi," alisema Mama.

Bi Waya aliichunguza kompyuta. "Nani kaweka programu ya kusimamia sauti?"

"Mimi," alijibu Baba. "Kinyozi aliisifu sana."

"Na mimi nikaweka nyingine," alisema Binti. "Ya Baba inachelewesha ngoma ninazopiga kwenye kompyuta."

"Na iliyokuja na kompyuta bado ipo. Haya! Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nyinyi mmefuga watatu!" Bi Waya alicheka. "Spika ni moja. Msimamizi mmoja akiikamata, mwenzake anafungiwa nje. Baba akiweka wimbo, sauti ya Mama inabaki mlangoni."

Mama aliinua uso. "Kwa hiyo si vidole vyangu?"

"Vidole vyako havina kosa, dada."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Ee Mungu, asante. Nimevisuta bure!"

"Chagueni msimamizi mmoja," alisema Bi Waya. "Sauti zote zipitie kwake. Atazichanganya na kuzipeleka kwenye spika pamoja."

"Basi wangu!" walisema Baba na Binti kwa pamoja.

"Msiulize ni wa nani. Ulizeni ni yupi anayeelewana na programu zote, hasa ile inayomsomea Mama."

Walijaribu mmoja baada ya mwingine. Kwa yule wa Baba, Mama hakusikia kitu. Kwa yule wa Binti, ngoma tu zililia. Kwa yule aliyekuja na kompyuta, masomo, wimbo na ngoma vilisikika pamoja.

"Ngoma zinachelewa kidogo," Binti alinung'unika. Kisha akamtazama mama yake. "Haya, na zichelewe. Mama asinyamazishwe."

Bi Waya aliwaondoa wasimamizi wawili. Akaielekeza kila programu kwa yule aliyebaki. Akazima kompyuta, akaiwasha, akajaribu tena. Sauti zote zilitoka.

"Msiongeze mwingine bila kushauriana," alionya. "Hata kinyozi akiapa!"

Jumamosi mwalimu alileta mtihani nyumbani. Kwa heshima, Baba aliuzima wimbo na kuiacha cherehani.

"Mbona kimya, kuna msiba?" Mama aliuliza. "Rudisha wimbo, baba watoto. Nasikia vyote."

Baba aliurudisha, kwa sauti ya chini. Cherehani ikaanza kulia. Kompyuta ikasoma swali la kwanza. Vidole vya Mama vikaanza kujibu, huku yeye akiitikia kibwagizo.