Mwalimu Kengele na Vishikwambi vya Darasa la Tatu

Watoto wa darasa la tatu hawakuhitaji kengele ya shule. Walikuwa na mwalimu wao. Sauti yake ilitangulia kuingia darasani, kisha yeye akafuata. Ndiyo maana walimpa jina la Mwalimu Kengele. Alilijua jina hilo, na moyoni alilipenda.

Alikuwa amefundisha miaka mingi kwa chaki, ubao na pumzi zake mwenyewe. Watoto walikuwa zaidi ya hamsini, na vitabu vilikuwa vichache. Kwa hiyo walisoma kwa pamoja, kama kwaya.

"Kiboko akaingia mtoni!" alisema mwalimu.

"Kiboko akaingia mtoni!" darasa zima likaitikia, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka.

Ukisimama nje ungesema hao wote wanajua kusoma. Lakini ndani ya kwaya ni rahisi kujificha. Binti wa fundi bomba alikuwa bingwa wa kujificha. Alifungua mdomo pamoja na wenzake, akafunga pamoja na wenzake. Akiambiwa asome peke yake, alitazama picha, akabahatisha. Penye picha ya kiboko alisoma "kiboko." Yaliyobaki aliyatunga mwenyewe.

Mwalimu Kengele alilijua hilo, na lilimkera. Lakini angemsikiliza kila mtoto saa ngapi? Akimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshasahau.

Siku moja mwalimu mkuu aliingia ofisi ya walimu na maboksi.

"Kwa ufupi," alisema, na walimu wote wakatafuta pa kukaa, maana wanamjua. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Mwishowe ilieleweka kwamba darasa la tatu limepata vishikwambi ishirini, yaani zile tableti zinazofanana na simu pana, ili watoto wajifunzie.

Mwalimu Kengele alishukuru sana. Kisha akavifungia kabatini, akaweka kufuli, na juu ya kabati akapanga ramani, mipira na ndoo ya gundi. Mtu yeyote angeona kwamba kabati lile halifunguki leo wala kesho.

Mwalimu mkuu aliuliza, "Vipi vishikwambi?"

"Viko salama," alijibu.

Wiki iliyofuata akauliza tena. "Vinatumikaje?"

"Viko salama sana."

"Kwa ufupi," alisema mwalimu mkuu, "vitumie kesho."

Kesho yake ndoo ya gundi ilishuka. Mwalimu Kengele aligawa vishikwambi kama mtu anayegawa mayai. Kisha akasimama mbele ya darasa, akakunja mikono, akasema:

"Haya. Jifunzeni."

Mambo yaliyofuata hakuyasahau. Yeye mwenyewe hakujua kitufe cha kuwashia kiko wapi. Watoto walikijua kabla hajamaliza kusema. Kwenye kona moja punda alilia. Kwenye kona nyingine gari lilipiga breki. Watoto waliokosa walining'inia mabegani mwa waliopata. Mmoja alimpiga mwalimu picha akiwa amefungua mdomo kukemea, na picha ile ikahama kutoka kishikwambi hadi kishikwambi. Alipogeuka, alijiona kwenye vioo saba, mdomo wazi, kama kiboko wa kitabuni.

"Zimeni!" alipiga kelele.

Kishikwambi kimoja kikamjibu kwa sauti ya kike ya upole: "Samahani, sijakuelewa."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko.

Mwisho wa kipindi aliuliza, "Nani ataniambia amejifunza nini?"

Mkono mmoja ulipanda. "Mwalimu, nimemlisha paka samaki mia mbili."

Jioni ile ile fundi bomba alikuja shuleni, spana bado mfukoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja kuuliza. Binti yangu amerudi nyumbani, namuuliza, leo umefanya nini shuleni? Ananiambia, baba, leo nimekufa mara nne."

Mwalimu Kengele alifumba macho. "Ni mchezo wa kwenye kishikwambi, baba."

"Nikamwambia haya, marehemu, nisomee hili tangazo la ukutani. Limeandikwa 'Maji yamekatika.' Mwanangu akasoma 'Maji ni uhai.' Mwalimu, mimi ni fundi bomba. Maji yakikatika nayajua." Alitabasamu, lakini haikudumu. "Mwaka ujao anaingia darasa la nne. Ataingiaje hivi?"

Fundi alipoondoka, mwalimu alivirudisha vishikwambi kabatini.

Nyumbani alimwambia mumewe kila kitu. Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu wa maneno machache na unga kwenye nyusi.

"Vifaa vile ni balaa tupu," alisema mwalimu. "Watu wanasema vinafundisha. Havikufundisha hata herufi."

"Wewe uliwaambia wafanye nini?"

"Niliwaambia wajifunze."

Mumewe alicheka mpaka unga ukadondoka. "Mke wangu, lile tanuri letu la umeme lilipokuja, ningelifungua nikaliambia 'haya, oka,' tungekula nini? Tanuri halikandi unga."

"Usinifananishe na mikate."

"Sikufananishi. Muulize mkwe wako. Shule yake inavitumia mwaka wa pili huu."

Hapo ndipo pagumu. Mke wa mwanawe naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtaa wa pili. Alikuwa binti mpole mwenye adabu. Lakini tangu aolewe, Mwalimu Kengele ndiye aliyekuwa akimfundisha yeye: namna ya kukunja mashuka, namna ya kufagia uvungu, hata namna ya kumenya viazi. Leo aende kuwa mwanafunzi wake?

"Nitafikiria," alisema.

"Fikiria haraka," alisema mumewe. "Nimeshampigia. Anakuja Jumapili."

Jumapili mkwe alifika, akaamkia, akasaidia jikoni, akasubiri. Hakuleta habari ya vishikwambi. Mwalimu Kengele naye hakuileta. Walizungumza habari ya mvua, ya bei ya sabuni, kisha tena ya mvua. Mume alikohoa. Akakohoa tena.

"Haya!" mwalimu alilipuka. "Mwanangu, vile vidude vimenishinda."

Mkwe hakucheka. Alisogeza kiti. "Mama, siku ile somo lilikuwa nini?"

"Vishikwambi."

"Na siku unapofundisha kwa chaki, Mama, somo huwa chaki?"

Mume aliinuka kwenda kunywa maji, mabega yakimtikisika.

"Endelea," alisema mwalimu.

"Kishikwambi ni kifaa tu, Mama, kama chaki. Kwanza unachagua unataka watoto wajue nini. Halafu unajiuliza, je, kifaa hiki kitanisaidia pale ubao unaposhindwa? Kama ubao unatosha, tumia ubao. Sisi kuna siku nyingi hatuvitoi kabisa. Sasa niambie, darasani kwako nini kinakushinda?"

Mwalimu hakuhitaji kufikiri. "Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Kuna binti mmoja, ni wa fundi bomba. Anajificha kwenye kwaya."

"Basi tuanze hapo. Kishikwambi kina kinasa sauti. Hakihitaji hata mtandao. Mtoto anasoma ukurasa mmoja, anajirekodi, anajisikiliza huku akifuata kitabuni kwa kidole. Makosa yake anayasikia mwenyewe. Na wewe baada ya kazi unawasikiliza wachache kwa utulivu, kesho wengine."

"Na wale wanaogombania?"

"Watatu kwa kifaa kimoja, na kila mtu ana kazi. Mmoja anasoma, mmoja anarekodi, mmoja anafuata kitabuni. Halafu wanabadilishana. Asiye na kazi ndiye anayemlisha paka, Mama. Michezo ile utaiondoa kabla ya kipindi, nitakuonyesha. Utachaji siku moja kabla. Na sheria iwe moja: hakuna kumpiga mtu picha bila ruhusa yake."

"Hiyo niandikie kwa herufi kubwa," alisema mwalimu.

Kisha mkwe alimpa simu yake ajaribu. Mwalimu Kengele alijiweka sawa, akasoma ukurasa wa kitabu cha darasa la tatu, akabonyeza kusikiliza. Sauti ikatoka. Ilikuwa ya haraka, kali, inayomeza miisho ya maneno.

"Huyu anayegomba ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Mimi? Sauti yangu?"

"Ndiye huyo huyo ninayeishi naye," mume alijibu kutoka jikoni.

Walicheka wote watatu, lakini mwalimu hakuirudisha simu. Alijirekodi tena, polepole. Akajisikiliza. Akarudia mara nyingine. Alikuwa amewasomea watoto miaka yote ile, na hakuwahi kuisikia sauti yake hata siku moja. Mpaka mkwe anaaga, sauti ya kwenye simu ilikuwa imelainika, na kila neno lilifika mwisho wake.

"Asante, mwanangu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kumwambia hivyo, akaongeza, "Na siku hizi viazi unavimenya vizuri."

Jumatatu aliandika ubaoni, kwa chaki: *Leo tutasoma ukurasa wa tisa bila kubahatisha.* Aliwasomea yeye kwanza, taratibu. Watoto walitazamana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Mwalimu anaumwa?"

Kisha akagawa makundi. Mwanzoni ilikuwa fujo. Makundi yote yalijirekodi kwa wakati mmoja ndani ya chumba kimoja, na kila kishikwambi kilinasa soko zima. Mwalimu Kengele alihisi ulimi unamwasha kukemea. Badala yake aliyatawanya makundi: mengine kibarazani, mengine nyuma ya darasa penye kivuli, mengine yakabaki kwenye kona. Kelele ikapungua.

Alipokuwa akizunguka, alisikia ugomvi kibarazani. Binti wa fundi bomba alikuwa amesimama, kishikwambi sikioni, amekasirika.

"Mwalimu! Huyu mtu anadanganya!"

"Mtu gani?"

"Huyu humu ndani. Kitabu kimeandikwa 'kiboko akalala.' Yeye anasema 'kiboko akalia.' Kiboko hakulia! Tazama!" Kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe. "A-ka-la-la."

"Nimeliona," alisema mwalimu. "Na huyo mtu ni nani?"

Binti alisikiliza tena. Macho yakamtoka. "Ni mimi!"

Wenzake walicheka, naye akacheka kuliko wao. "Subirini, narekodi upya. Safari hii hadanganyi."

Alirekodi upya. Akakamata kosa jingine. Akarekodi tena, mpaka wenzake wakadai zamu zao. Mwalimu Kengele alisimama pale muda mrefu kuliko alivyopanga. Mtoto yule hakuwa na kwaya ya kujificha, wala hakuwa na mtu wa kumwonea haya. Alikuwa anajifunza kusoma kwa kugombana na nafsi yake.

Haikuwa miujiza ya wiki moja. Kuna siku umeme ulikatika na vishikwambi vikalala, darasa likasoma kwa vitabu bila taabu. Kuna siku mtoto alimwaga maji juu ya kioo, na kifaa kikalazwa kwenye gunia la mchele la mpishi wa shule, bila kupona. Lakini kila wiki mwalimu alisikiliza sauti za watoto kwa zamu, na akajua hasa nani anakwama wapi. Wanaokwama kwenye herufi zile zile aliwaweka pamoja, akawafundisha kwa ubao.

Siku ya wazazi mwalimu mkuu alisema "kwa ufupi" mara tatu. Alipomaliza, Mwalimu Kengele alimwita fundi bomba pembeni.

"Msikilize huyu, baba." Akamwekea sauti ya kwanza ya bintiye, iliyojaa kusitasita na maneno ya kutunga. Kisha akamkabidhi binti kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Binti alikifungua katikati, akaweka kidole, akasoma. Alisoma polepole. Alikwama kwenye neno refu, akalikata vipande, akaliunga, akaendelea.

Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Bintiye alipomaliza, alisema, "Mwalimu, niwekee tena ile ya kwanza."

"Ile ina makosa tele, baba."

"Ndiyo. Nataka kusikia alikotoka."

Mwalimu akairudia. Fundi akatikisa kichwa, akajifuta uso kwa mkono wenye harufu ya chuma. "Na simu yangu hii," aliuliza, "nayo ina hicho kinasa sauti?"

Mwezi mmoja baadaye bomba la jikoni kwa Mwalimu Kengele lilianza kuvuja, naye akamwita fundi. Aliporudi kutoka dukani alikuta miguu miwili imetokeza chini ya sinki, spana inagonga, na sauti ya mtoto inasoma habari za nyani aliyeiba kofia ya polisi. Kila neno lilifika mwisho wake.

"Fundi," alisema, "hiyo redio gani?"

"Si redio, Mwalimu. Ni binti yangu. Kila jioni ananirekodia ukurasa mmoja, nami nausikiliza kazini."

"Amesoma vizuri! Yaani hapo kwenye neno—"

Spana iliacha kugonga. Mkono mmoja wenye grisi ulitoka chini ya sinki ukaomba subira.

"Samahani, Mwalimu, dakika moja tu. Nyani anakaribia kukamatwa."

Mwalimu Kengele aliweka kikapu chini, akavuta kiti taratibu bila kukiburuza, akakaa kusikiliza.